Kabla Betty Hajavishwa Gauni Refu

Katuni za Marekani zilizotengenezwa kabla ya Julai 1934, pale ofisi ya Joseph Breen ilipoanza kuitia makali kanuni ya maadili ya filamu iliyoandikwa tangu 1930, hutangazwa kwenye maonyesho ya leo kwa sifa moja: utundu. Watu huitwa ukumbini waje kuona paja la mhusika wa katuni Betty Boop. Lakini paja si hoja. Kilichokuwa huru zaidi katika katuni hizo ni umbo lenyewe.

Tazama "Snow-White" ya 1933, katuni ya Betty kutoka studio ya Max Fleischer ya New York, iliyochorwa karibu yote na Roland Crandall peke yake. Hadithi inapita mbio: malkia mwenye wivu, kioo kinachosema, amri ya kukata kichwa, jeneza la barafu. Katika dakika saba hivi hakuna anayehangaika kueleza kwa nini jambo limetokea. Mdundo ndio unaoamua kipi kifuate kipi.

Kisha tunaingia pangoni. Koko, chale wa katuni hizi, anapitishiwa kioo cha malkia na kugeuka mzuka mweupe wa miguu mirefu, anayeimba kwa sauti ya mwanamuziki wa jazi Cab Calloway "St. James Infirmary Blues", wimbo wa msiba. Hata hatua zile za kuteleza ni za Calloway: alipigwa picha akicheza, kisha mwili wake ukafuatishwa kwa kalamu, picha baada ya picha, kwa mbinu ya rotoskopu aliyoibuni Fleischer. Wimbo ukitaja sarafu kwenye mkufu wa saa, mzuka unakuwa mkufu na sarafu yake. Ukitaja pombe, unakuwa chupa. Nyuma yake mifupa ya wafu inapita, wala haipewi nafasi ya kuchekesha wala kutisha. Mwendo ni wa mtu halisi, umbo ni la kubuni. Ndiyo maana mtazamaji anacheka huku nywele zikimsimama.

Uhuru huohuo una aibu yake. Katika "I'll Be Glad When You're Dead You Rascal You" ya 1932, mpiga tarumbeta Louis Armstrong anaonekana kwanza akipiga na bendi yake. Baadaye kichwa chake kinaelea hewani kikiwafukuza Koko na mbwa mwenzake Bimbo, kikibadilishana nafasi na kichwa cha "mshenzi" mla watu. Mbinu ni ileile ya kugeuza. Calloway aligeuzwa akabaki na madaha yake. Armstrong aligeuzwa akavuliwa utu.

Na udhibiti ulipokuja, ulikata nini? Betty alivishwa gauni refu, akawekwa nyumbani na kijibwa Pudgy na mzee Grampy. Vitu vikatulia mahali pake. Vikaragosi vya kumdhalilisha mtu mweusi viliendelea kuchorwa Hollywood kwa miaka mingi. Mkasi uliona sketi, haukuona dharau.

Basi anayeandaa onyesho la katuni hizi azioneshe zote mbili usiku mmoja, zikifuatana, bila kukata hata kipande. Kuonesha ya Calloway na kuificha ya Armstrong ni kuendeleza kazi ya Breen kwa jina jingine.