Kamera Ikikaa Kwenye Mtutu

Video yenyewe ni ya dakika tatu hivi. Nilitumiwa na jamaa niliyesoma naye chuoni, mtu wa Msambweni, nikaitazama nikiwa hapa Chaka, kwenye kibanda cha nyama choma, nikingoja mbuzi aive. Chaka na samaki ni vitu viwili tofauti. Cucu wangu hajawahi kuonja samaki. Kwa watu wa rika lake samaki ni ndugu ya nyoka, na trauti walio kwenye mito ya mlimani ni mambo ya Wazungu waliowaleta enzi za ukoloni. Kwa hivyo mimi bahari naijua kwa skrini, kama wengi wenu, na video za uvuvi wa bunduki nimetazama nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Bunduki hii si ya risasi. Ni kipande cha mbao chenye kifyatuo, chuma kirefu chenye ncha, na mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya gari. Mvuvi anavaa miwani, anabana pumzi, anapiga mbizi, anafyatua. Aliyefanya hivyo kwenye video ni binamu ya rafiki yangu. Alikuwa amepata kamera ndogo ya mtumba, akaifunga juu ya mtutu kwa kibanio na mpira huo huo wa tyubu.

Unachoona ni chuma. Kiko katikati ya picha kutoka mwanzo, na bahari yote inakizunguka. Kama umewahi kucheza gemu za kupigana kwenye simu, hiyo fremu unaijua. Tafi anaingia kushoto, anatoka. Pono anaingia, chuma kinamfuata, kinamkosa. Nyekundu haipo, kwa sababu maji huimeza ndani ya mita chache za kwanza, na hata damu huko chini huonekana kama moshi wa kijani. Dakika ya pili, tewa chini ya mwamba. Chuma kinatulia. Mpira unalia, picha inaruka, kisha bunduki inalala ubavu na kwa muda mrefu hatuoni kitu ila mchanga na majani ya bahari yakienda huku na huku. Mwishowe mkono unaiokota. Basi.

Nilimjibu kama mhakiki: kali sana, lakini hapo mwisho pa mchanga pakatwe, panaboesha.

Akaandika: "Hapo ndipo alizimia."

Tewa alikuwa amejibanza mwambani na kamba ikaishika bunduki chini. Kijana aliing'ang'ania sekunde chache zaidi ya alizokuwa nazo, akaiacha, akazimia akipanda, karibu kabisa na juu, pale pale ambapo wapiga mbizi wengi huzimia. Mwenzake alikuwa karibu, akamdaka. Yuko mzima. Na mimi nilikuwa nimeomba pakatwe.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na mtindo huu mzima. Kamera ikikaa kwenye mtutu inaona kile bunduki inachotaka, na haioni kingine. Kiini cha uvuvi huu ni pumzi: ile dakika ya kulala juu ya maji ukituliza moyo, kifua kinavyoanza kuruka kikidai hewa, uamuzi wa kumwacha samaki na kupanda. Hakuna hata kimoja kwenye picha. Samaki naye hana maisha ila yale anayopitisha mbele ya ncha. Hata wavuvi wenyewe hulalamika, ingawa kwa sababu nyingine: kamera ikikaa mbele, mtutu unakuwa mzito, maji yanaukokota ukijaribu kuuzungusha, shabaha inaharibika. Wajanja huirudisha nyuma karibu na kishikio. Wengine huivaa kichwani, kwenye mkanda wa miwani, na hizo ndizo video ninazozipenda kidogo, kwa sababu kichwa hugeuka. Kichwa husita. Kichwa huangalia juu kuona mwanga uko mbali kiasi gani, jambo ambalo bunduki haina haja nalo.

Kamera na bunduki walioana zamani. Mwaka wa 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, na kifyatuo chake, ili kunasa ndege wakiruka, picha 12 kwa sekunde moja. Sisi Kiswahili chetu hata hakikuhitaji kifaa: tunapiga picha, tunapiga risasi, tunapiga mbizi, kitenzi ni kile kile. Jacques Cousteau alianza sinema zake za chini ya maji kwa filamu fupi ya uvuvi wa mkuki wakati wa vita vya pili. Yeye alishika kamera, rafiki yake Frédéric Dumas akashika silaha. Mikono ya watu wawili, yaani mmoja anaweza kumwona mwenziwe. Sisemi Cousteau alikuwa malaika. Kwenye Le Monde du silence, iliyoshinda Palme d'Or kule Cannes mwaka wa 1956, mabaharia wake wanawaua papa kwa hasira tu mbele ya kamera. Lakini angalau nyuso za hao wauaji tunaziona.

Nilimwandikia rafiki yangu haya yote, tena kwa urefu. Nikashauri kamera avae mwenzake.

Alinyamaza siku mbili. Halafu akanikumbusha jambo ambalo mtu wa Chaka anaweza kulisahau kwa urahisi: Kenya ilipiga marufuku bunduki za samaki mwaka wa 2001, pamoja na juya, kwa sababu ya matumbawe na samaki wachanga. Mtu wa ng'ambo mwenye bunduki ya bei kali, aliye kwenye maji ya kwao, anaweka sura yake mbele ya kamera, anatabasamu, anapata wafuasi. Binamu yake akiweka sura, hiyo ni ushahidi. Kamera iko kwenye mtutu kwa sababu mtutu hauna uso, bana.

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nusu ya hoja yangu ilikuwa kwamba picha imemfuta mwenye mwili, kumbe mwenye mwili ndiye aliyetaka kufutwa. Wala siwezi kusema sheria ni mbaya. Miamba ile inachoka kweli.

Wiki iliyopita nilitumiwa nyingine. Kamera iko kichwani mwa mwenzake. Kijana analala juu ya maji, mgongo ukipanda na kushuka, halafu anakunja kiuno na kwenda chini, mdogo kabisa kwenye buluu ile yote. Anamkaribia pono. Anamtazama. Anageuka na kuanza kupanda mikono mitupu, na karibu na juu anainua macho kwa mwenye kamera, mashavu yamejaa, kama mtu anayetaka kucheka.

Chini yake rafiki yangu alikuwa ameandika: "Futa ukimaliza. Anaonekana."