Tusi Lililogeuka Riwaya

Ukimwita mtu kichwamaji umemtukana: hana akili. Euphrase Kezilahabi aliliokota tusi hilo akalifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1974, kisha akamvisha kijana wa chuo kikuu. Kazimoto si mjinga hata kidogo. Amesoma mpaka kichwa kimemwelemea. Riwaya inavyosonga, tusi linaacha kuwa la mdomoni. Manase, mwenzake Kazimoto wa utotoni, ana mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Baadaye wa Kazimoto naye anazaliwa na kichwa kama hicho, tena akiwa maiti. Neno lililoanza kama kejeli limefika chumba cha uzazi, na hakuna mahali mwandishi aliposimama kutunyooshea kidole tulione.

Wahakiki huiita falsafa ya riwaya hii udhanaishi: mtu amejikuta duniani bila kuombwa ruhusa, hakuna aliyemwekea maana, na uchaguzi ni wake peke yake. Wanafunzi hukariri sifa zake kwa ajili ya mtihani, waandishi Camus na Sartre wakiitwa kama mashahidi. Sawa. Ila Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyesoma seminari ya Nyegezi, aliujua mlango wake mwenyewe wa kuingilia. Haanzi na Mungu wala kifo. Anaanza na kijana aliye likizo, amekwenda ofisini kwa Mkuu wa Wilaya kuomba kibarua, na anasubirishwa. Mkuu mwenyewe ni Manase, waliyekua naye. Aliyewahi kukalishwa nje ya mlango wa ofisi, akitazama wengine wakiingia, anaijua ile hali ya kujiona si kitu. Kwa hiyo maswali makubwa yanapokuja, hayatukuti tukiwa wageni. Tumeshakaa pale pamoja na Kazimoto. Naye hatuombi huruma. Anasimulia kwa sentensi fupi, kavu, Kiswahili cha kila siku, hata anapojieleza kwa ubaya.

Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) Kezilahabi anajaribu tena mchezo wa majina: mhusika aitwaye Tumaini anaishia kunyongwa. Hapo naona mkono ulikuwa mzito kidogo. Jina linapiga kelele kabla mtu hajatenda lolote. Kichwamaji inanong'ona.

Kisha ikaja Nagona, 1990, kijitabu chembamba ambamo ofisi, kijiji na wakubwa wa wilaya vyote vimefagiliwa. Amebaki msafiri na maswali yake, katika mji wa kimya. Ujasiri ule nauvulia kofia: ni wachache waliothubutu kuipeleka riwaya ya Kiswahili mbali kiasi kile. Nimekisoma mara tatu. Kila mara nikifika katikati najikuta natamani mtu yeyote, hata mwenye kiburi, anisubirishe nje ya mlango wa ofisi.