Mshale, Waya na Sufuria ya Maji

Maji ya injini hayana pupa. Land Cruiser ya dizeli ya silinda sita, ile yenye injini ya 1HZ iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990 na ambayo mpaka leo inabeba miraa, abiria, mbuzi na simenti kati ya Garissa, Masalani na Hulugho, huzungusha zaidi ya lita 10 za maji. Maji mengi kiasi hicho hayapandi kutoka joto la kawaida hadi kuchemka katika sekunde chache, wala hayapoi kwa kasi hiyo. Kwa hiyo mshale wa joto ukiwa umetulia katikati, kisha ukapaa hadi kwenye nyekundu na kurudi chini kabla dereva hajamaliza kusema bismillahi, fundi anayejua kazi huwa ameshapata jibu la kwanza bila kushika spana. Kilichoruka pale ni umeme. Injini yenyewe huenda haina habari.

Jibu hilo halimalizi kazi. Fundi ninayetaka kumsifu ana banda la mabati chini ya mwarobaini pale Masalani, makao makuu ya Ijara, na sifa yake kwangu ni kwamba mshale wa geji hauamini moja kwa moja wala haupuuzi. Anauhoji. Nairobi, fundi mwenye haraka hutuma kijana Kirinyaga Road akanunue sensa mpya; isiposaidia, hununua geji; isiposaidia, huing'oa themostati na kuitupa, halafu humwambia mwenye gari kwamba sasa injini itapumua. Masalani sensa ya kuagiza hutoka Garissa, na itafika siku gari la kuileta litakapofika. Sisemi ukosefu wa duka la vipuri ni neema. Mwenye mgonjwa ndani ya gari haoni neema yoyote hapo. Lakini ukosefu huo umemfundisha mtu huyu kutobadilisha kitu kabla hajathibitisha kwamba kimekufa.

Na huku kukosea ni ghali. Barabara ni mchanga, mvua ikinyesha ni matope meusi yanayokamata magurudumu, na jua la Januari na Februari halina mzaha. Gari lililojaa mizigo hukokota kwa gia ndogo, injini ikifanya kazi nzito na upepo wa kuipoza rejeta ukiwa haba. Upande wa Hulugho na msitu wa Boni kuna hesabu nyingine, hasa tangu operesheni ya kiusalama ya Linda Boni ilipoanza Septemba 2015: hakuna dereva anayependa kusimama porini kwa sababu ya mshale mwongo. Ila asiposimama na mshale ulikuwa unasema kweli, silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, na biashara ya msimu mzima inaishia kwenye lori la kuvuta.

Siku niliyokaa bandani kwake aliingia dereva wa makamo, kikoi kiunoni, hasira usoni. Alitaka geji mpya. Fundi hakufungua boneti. Alimpa kiti, akaanza.

“Ilipanda ukiwa wapi, abti?” akauliza, akimwita mjomba kwa Kisomali.

“Kwenye mchanga, kabla sijafika Kotile.”

“Saa ngapi?”

“Baada ya magharibi.”

“Taa zilikuwa zinawaka?”

“Giza lile nitaendeshaje bila taa?”

“Na mshale wa mafuta? Nao ulipanda?”

Dereva akafikiri. “Huo ulikaa palepale.”

Ukitazama juujuu utadhani ni maongezi ya kupoteza muda hadi injini ipoe. Kumbe kila swali lilikuwa linafunga mlango. Geji ya joto na geji ya mafuta hulishwa umeme kutoka chanzo kimoja. Kama chanzo kingekuwa kibovu, mishale yote miwili ingecheza pamoja. Mafundi waliolelewa na Land Rover Series III za miaka ya 1970 wanalijua hili kama sala. Nyuma ya dashibodi ya gari lile kulikuwa na kijisanduku cha kutuliza umeme hadi volti 10 kwa ajili ya geji zote mbili, na kikiharibika, tangi linaonekana limejaa wakati uleule injini inaonekana inaungua. Hapa mafuta yalitulia, kwa hiyo chanzo ni kizima. Lililobaki ni lile la taa.

Sensa ya joto katika magari haya ina waya mmoja tu. Umeme unatoka kwenye geji, unapita kwenye waya huo, unaingia kwenye sensa, kisha unarudi kwenye betri kwa njia ya chuma cha injini chenyewe, ile njia ambayo mafundi huiita athi. Injini imekaa juu ya mipira, haigusani na bodi, kwa hiyo lazima pawe na utepe wa waya za shaba wa kuziunganisha. Utepe ukikatika nusu, mchana unaweza usigundue. Usiku taa zinapowashwa, umeme wao nao unajisukuma katika njia ileile iliyochakaa, na kipimo cha geji kinavurugika. Mshale unapanda, wala maji hayajaongezeka joto hata nyuzi moja.

Akainuka, akachukua kebo nene ya kujampia betri, mdomo mmoja akaubana kwenye chuma cha injini na mwingine kwenye chasisi. Akamwambia dereva awashe gari na taa zote. Mshale ukapanda taratibu hadi mahali pake pa kawaida na kukaa. Akaichomoa kebo: mshale ukaanza kunyanyuka. Akairudisha: ukashuka. Alirudia mchezo huo mpaka dereva mwenyewe akacheka. Utepe wenyewe ulipatikana nyuma ya injini, umebaki nyuzi chache za kijani kibichi kama manyoya ya kifaranga. Akakata kipande cha kebo ya betri ya zamani, akasugua rangi na kutu pale bolti zinapokaa hadi chuma kikang'aa, akafunga.

Mwingine angepokea pesa zake hapo. Yeye aliacha injini ikinguruma, akaweka kiganja kwenye mpira wa juu wa rejeta, akakitoa haraka. Akautazama mshale, akakunja uso. Mkono ulikuwa unamwambia joto ni kubwa kuliko mshale ulivyokiri.

Huu ndio upande wa kazi unaonivutia zaidi, kwa sababu dereva hakuulalamikia kabisa. Mshale unaopanda bure humuudhi mtu. Mshale unaobaki chini bure humfurahisha, ndiyo maana unaua injini nyingi. Kuna njia kadhaa za kupata uongo huo. Maji yakipungua, sensa hubaki ikining'inia kwenye hewa, na hewa haipashi sensa joto kama maji yanavyofanya: injini inaungua, mshale umelala. Themostati ikitolewa, katika injini nyingi za Toyota ile njia fupi ya maji inayokwepa rejeta hubaki wazi daima, na maji ya moto yanazunguka bila kupozwa vya kutosha. Eti injini ipumue.

Fundi akaizima injini, akasubiri. Kifuniko cha rejeta hakukigusa hadi mpira ulipolegea mkononi, maana maji yaliyobanwa chini ya kifuniko kile huweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka, na ukiyafungulia, yanachemka yote usoni pako. Kisha akaifungua sensa. Uzi wake ulikuwa umeviringishwa utepe mweupe wa mafundi bomba, kazi ya mtu aliyetaka kuzuia maji yasivuje na akasahau kwamba umeme unapita kwenye uzi uleule. Na kichwa chake kilikuwa kimevaa gamba jeupe gumu. Huku visima virefu vingi, ukishauacha mto Tana, hutoa maji ya chumvi, na dereva aliyekwama hujaza rejeta kwa maji yaliyopo. Gamba hilo ni koti: joto linachelewa kuifikia sensa.

Alilidondoshea maji ya ndimu, akalikwangua kwa subira na ncha ya kijiti, bila kisu. Ndani ya kile kichwa cha shaba kuna punje ya kitu chenye tabia ya kinyume na waya wa kawaida: kadiri kinavyopata joto ndivyo kinavyoruhusu umeme zaidi. Michael Faraday aliiona tabia hiyo mwaka 1833 akichunguza madini ya fedha yenye salfa, karibu karne moja kabla ya watu kuipatia kazi ya kupima joto. Fundi wetu anaijua kwa njia yake. Ukichomoa waya wa sensa, mshale hulala. Ukiugusisha waya huo kwenye chuma cha injini kupitia balbu ndogo, ili geji isiungue, mshale hupaa. Alifanya yote mawili, mshale ukatii. Geji ile ambayo dereva alikuja kuitupa ilikuwa nzima kabisa.

Halafu akaomba sufuria kwa mama wa chai wa jirani.

Aliitundika sensa kwa waya mgumu, kichwa ndani ya maji, sehemu ya juu ikiwa kavu. Waya wa geji akaurefusha hadi hapo, na wa pili akautoa kwenye mwili wa sensa hadi kwenye injini. Swichi ikawashwa, jiko likapulizwa. Masalani iko chini, karibu na usawa wa bahari, hivyo maji yakichemka sufuriani ni nyuzi 100 hasa, kipimajoto cha bure. Mtu akifanya jaribio hilo Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu, maji yatachemka kwenye nyuzi 94 hivi na kumdanganya kidogo. Mshale ulipanda polepole, ukapita katikati, ukasimama chini kidogo ya nyekundu huku maji yakitokota. Fundi alisubiri bado, kuhakikisha hauendelei, kisha akachora mstari mwembamba kwa wino mweupe juu ya kioo cha geji.

Dereva aliuliza kama sasa anaweza kwenda Hulugho.

“Nenda. Ukiona mshale umefika kwenye mstari, abti, punguza mwendo, geuza pua upande wa upepo. Ukiupita mstari taratibu, simama hata kama hupendi mahali. Ukiupita ghafla, zima taa kwanza utazame.”

“Na geji mpya?”

“Ya nini? Ninunulie ndimu, zile zimeisha.”