Uliza Maji Kwanza: kuitambua ziara nzuri Unguja na Pemba

Ukitaka kujua kama ziara unayouziwa Unguja au Pemba ni nzuri, usianze na bei wala picha za kwenye simu. Uliza: "Siku hiyo maji yatakuwaje?" Nahodha anayeijua kazi yake atahesabu umri wa mwezi kichwani, kisha atakwambia siku hiyo ni bamvua, maji yatakupwa asubuhi mpaka ngalawa zikae mchangani, kwa hiyo mtoke alfajiri au mngoje alasiri. Asiyeijua atakujibu kwamba kila siku ni nzuri.

Visiwani kila siku ina maji yake. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji kujaa na maji kupwa hutofautiana kwa karibu mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana na mkondo hulegea. Kwa kuogelea juu ya matumbawe mimi huchagua maji mafu. Lakini ukitaka kuwaona wanawake wa Paje na Jambiani wakifunga mwani kwenye kamba zao, nenda bamvua, bahari inaporudi nyuma na kuyaacha mashamba yao wazi. Hawakupangiwa ratiba na hoteli yoyote. Huingia kazini maji yanapotoka.

Hicho ndicho kipimo changu kwa kila kitu visiwani humu. Mtembezaji hodari hufuata saa ya bahari, ya mti, ya mnyama na ya kijiji, na yuko tayari kukwambia "leo haifai" hata kama atakosa fedha yako. Papasi, yaani dalali wa watalii, anayekuahidi kila kitu kwa siku moja ameshakwambia kwamba hakuna atakachokuonyesha vizuri.

Chukua pomboo wa Kizimkazi. Hukaa karibu na pwani ile mwaka mzima, ndiyo maana boti huwapata kwa urahisi, na ndiyo maana husumbuliwa. Asubuhi zenye watalii wengi, boti hulizunguka kundi moja, mashine zikinguruma, na watu hurushwa majini mbele ya pomboo. Watafiti waliowafuatilia pomboo hao wamegundua kwamba boti zikizidi, muda wao wa kupumzika hupungua. Nahodha mzuri utamtambua kabla hata hamjafika: hupunguza mwendo kwa mbali, huenda sambamba na kundi wala halikatizi, na boti nyingine zikija huondoka. Watazame pomboo wenyewe. Wakizama na kuibukia mbali kila mnapokaribia, wanawakimbia, na hapo hakuna tena cha kutazama. Wakitulia, au mmoja akikisogelea chombo kwa hiari yake, mmepata kitu ambacho hakuna anayeweza kukuuzia. Muulize nahodha mapema: "Tusipowaona je?" Akisema mtarudi, panda. Akisema lazima mtaogelea nao, tafuta mwingine.

Na ukiwa kule usirudi mjini kabla ya kupita Dimbani. Msikiti wake una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na abiria wengi wa boti hupita karibu nao bila kujua. Vaa kwa heshima, umwombe ruhusa mtunzaji.

Katika msitu wa Jozani kipimo ni umbali. Kima punju hawapatikani popote duniani nje ya visiwa hivi, na wamewazoea watu kiasi kwamba mgeni hushawishika kuwakaribia. Mlinzi wa msitu anayekurudisha nyuma unaponyoosha simu ndiye wa kumpa bakhshishi. Mwulize pia kwa nini kima hao hula mkaa. Mjuzi atakueleza kwamba majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzifyonza.

Mashamba ya viungo ndiyo yanayohitaji jicho kali zaidi, kwa sababu yanafanana. Kuzunguka Kizimbani na Kidichi utaonyeshwa bustani yenye mti mmoja wa kila aina, kijana atakwea mnazi, utavikwa kofia ya majani na kupelekwa kwenye meza ya kununua. Sina ugomvi nayo, watoto huifurahia. Ila shamba la kweli lina kazi inayoendelea ndani yake. Karafuu huchumwa zikiwa bado tumba, zimeanza kuiva wekundu. Zikichanua, thamani imepotea. Jioni makonyo huchambuliwa kwa mkono, kisha karafuu huanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka ziwe kahawia. Ukifika wakati huo, harufu utaipata barabarani kabla ya kuliona shamba. Misimu haiko sawa kila mwaka, kwa hiyo piga simu kabla ya kufunga mkoba. Karafuu nyingi hutoka Pemba, na anayezitaka hasa avuke.

Nje ya msimu, mpime mwenye shamba kwa vitu vidogo. Je, atachimbua kidogo akunusishe mzizi wa mdalasini, unaonukia kafuri, tofauti na gome lake? Atakuinamisha uone iliki zikizaa chini kabisa ya mmea? Atalipasua tunda la kungumanga uone basibasi nyekundu imeishika mbegu ya ndani? Kwenye vanila, mwulize nani huchavusha. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu na huku halina mdudu wake wa asili, kwa hiyo mtu hulichavusha kwa mkono, ua kwa ua. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo atakuonyesha kwa vidole, hatakusimulia.

Huko Pemba, popo wakubwa wa kisiwa hicho waliwindwa mpaka wakakaribia kutoweka, wakarudi kwa sababu vijiji viliamua kuwalinda. Ukienda kuwaona Kidike, nenda kimya. Mwongozaji akipiga makofi ili waruke upate picha, mkataze.

Mji Mkongwe nitaupita haraka, kwa kuwa umeandikwa sana. Jambo moja tu: ukifika Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, sikiliza kama mwongozaji wako anatenganisha historia na masimulizi. Vyumba vya chini unavyoonyeshwa viko ndani ya jengo la misheni, na matumizi yake ya zamani yana ubishi miongoni mwa wanahistoria. Anayekueleza ubishi huo anawaheshimu waliouzwa pale zaidi kuliko anayeongeza chumvi.

Kwa utamaduni, uliza kama shughuli ingefanyika hata kama usingekuja. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, kila Julai, ingefanyika: wanaume hupigana kwa mashina ya migomba, kibanda huchomwa moto, wanawake huimba, na mgeni hukaribishwa kula. Taarabu nayo iangalie upande wa wasikilizaji. Wakiinuka kumtuza mwimbaji ubeti unapowagusa, umefika penyewe.

Fedha zikiruhusu jambo moja tu, mimi ningeziweka kwenye kisiwa cha Chumbe. Matumbawe yake yamehifadhiwa tangu 1994, hakuna uvuvi, baadhi ya walinzi wake walikuwa wavuvi, na idadi ya wageni ina kikomo. Ni ghali. Weka nafasi mapema, na ukiambiwa maji ya siku uliyoitaka hayafai, kubali siku watakayokupa.