Hongera Chamazi

Azam FC ilianza mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa viwanda vya Bakhresa. Mwaka 2008 ikapanda Ligi Kuu, na badala ya kuishia kununua wachezaji tu, ikajenga kwake: Azam Complex, Chamazi, mbele ya Mbagala Rangi Tatu. Si uwanja mkubwa. Lakini taa zipo, mechi za usiku zinapigwa, na ukikaa jukwaani unamsikia kocha akimfokea beki wake. Kule Uwanja wa Mkapa, wenye viti 60,000, hilo usahau.

Msimu wa 2013/14 Azam ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Mwaka 2019 Chamazi ikapokea mechi za AFCON ya vijana chini ya miaka 17. Na Yanga, wenye uwanja wao wa Kaunda pale Jangwani unaozama kila masika, mwaka 2023 walikuja kuchezea hapa mechi zao za nyumbani. Wapangaji wa mtoto wa juzi!

Viongozi wa klabu kongwe, pandeni daladala za Mbande, mshuke Chamazi mkajionee. Mashabiki wenu wamechoka na michoro ya viwanja.