Machipuko ni ya Nani?

Rafiki yangu alinitumia filamu hii wakati kazi ilikuwa imenimaliza na usingizi umenitoroka. "Itazame, itakutuliza," akasema. Na kusema kweli, ilinituliza.

Spring, Summer, Fall, Winter... and Spring ya Kim Ki-duk ilitoka 2003. Iko Korea Kusini, kwenye hekalu dogo la Kibudha linaloelea juu ya bwawa la Jusanji, milima pande zote. Mtawa mzee anamlea mtoto wa kiume, na kila msimu ni hatua moja ya maisha ya huyo mtoto. Maneno ni machache mno. Ndani kuna mlango usio na kuta, na bado watu hupitia mlangoni, hadi usiku ule kijana anapoukwepa kumfuata msichana. Nilisimamisha video nikacheka peke yangu. Nidhamu yote ya kutafakari imo kwenye mlango ule.

Halafu inakuja vuli. (Si vuli yetu ya mvua za Oktoba na matatu kukwama kwenye maji; kule majani yanageuka mekundu na kuanguka.) Kijana, sasa mtu mzima, anarudi akiwa amemuua mkewe. Mzee anachovya mkia wa paka kwenye wino, anaandika sutra kwenye sakafu ya mbao, kisha anamwamuru aichonge herufi moja moja, kwa kisu chake. Anachonga usiku kucha. Askari waliokuja kumkamata wanangoja, wanaishia kusaidia kupaka herufi rangi. Sijaona sinema nyingine ikionyesha taamuli vizuri hivi. Hakuna kufumba macho wala muziki wa spa, ni mkono unaouma na hasira inayoisha polepole.

Niliirudia baada ya Januari 2024, wanawake walipoandamana Nairobi kupinga mauaji ya wanawake. Safari hii sikutulia hata kidogo. Kifo cha yule mke tunakipata kwenye kipande cha gazeti kilichofungia chakula cha mzee. Basi. Majira ya baridi, mama aliyefunika uso analeta mtoto mchanga, anaondoka usiku, anazama kwenye tundu la barafu alilolitoboa mtawa mwenyewe. Mtawa (anaigizwa na Kim mwenyewe) anaburuta jiwe mlimani kutubu, na mwaka unaanza upya na mvulana mwingine. Wanaume wanapewa machipuko. Wanawake wanakuwa somo la mwanamume fulani, halafu hawarudi.

Wengine wataniambia gurudumu la maisha ndivyo linavyozunguka. Sawa, lakini aliyelitengeneza hili ni mwongozaji, na ndiye aliyechagua nani apande na nani asagwe.

Bado nimeihifadhi kwenye simu. Nikikosa usingizi naitazama ile sehemu ya kuchonga. Siku hizi naisimamisha kabla rangi haijaletwa, kisu kingali mkononi mwake.