Daftari la Jello Biafra

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Biafra ni viwanja vya Kinondoni, mahali pa mikutano ya hadhara. Kwa wazee wetu ni vita. Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, wakati picha za watoto waliokondeana kwa njaa zikizunguka dunia. Miaka kumi baadaye, kijana wa Marekani mzaliwa wa Boulder, Colorado, aliyeitwa Eric Boucher, alilichukua jina hilo akalibandika kwenye Jell-O, kitamutamu cha rangi kinachouzwa madukani kwao, akajiita Jello Biafra. Nilipolisikia mara ya kwanza lilinikera. Hata leo linanikera kidogo, ila nakubali kwamba lina hoja: shibe ya anasa na njaa ya kuua zimetajwa kwa pumzi moja.

Boucher aliimbia Dead Kennedys, bendi ya panki iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1978. Kwa miaka mingi amehubiri mambo matatu: muziki usioendeshwa na soko, siasa isiyofungwa na vyama vikubwa, na uchumi wenye kikomo cha utajiri. Vijana wengi wa huku wanaorekodi nyumbani wanayatamani mambo hayohayo, hata kama hawajawahi kumsikia. Ndiyo maana nadhani inafaa kumkagua kwa makini.

Tuanze na muziki. Mwaka 1980 bendi yake ilialikwa kwenye tuzo za muziki za San Francisco na viunga vyake. Waandaaji walitaka wimbo wao uliokuwa ukivuma, ili sherehe ionekane ya kisasa. Bendi ikaanza kuupiga, kisha baada ya sekunde chache Biafra akawasimamisha wenzake. Walikuwa wamevaa mashati meupe yenye herufi S kubwa nyeusi kifuani. Wakavuta tai nyeusi zilizokuwa zimening'inia mgongoni, wakazilaza juu ya S, na kila shati likawa alama ya dola. Halafu wakapiga wimbo mpya wa kuwakejeli wakubwa wa biashara ya muziki waliokuwa wameketi mbele yao. Mwaka uliofuata walitoa kanda ya kaseti yenye nyimbo upande mmoja tu. Upande wa pili waliuacha mtupu, wakamwambia msikilizaji autumie kurekodia anachotaka, wakati kampuni kubwa zikilia kwamba kurekodi nyumbani kunaua biashara. Nikizilinganisha kazi hizi mbili, naipenda zaidi ile kaseti. Tukio la tuzo liliwachekesha waliokuwepo, lakini upande mtupu ulimwachia mnunuzi kitu cha kutumia.

Kwenye siasa, mwaka 1979 aligombea umeya wa San Francisco. Alitaka wafanyabiashara wavae mavazi ya vichekesho wakiwa mjini, na watu wakacheka. Ila katika ilani hiyohiyo alitaka polisi wapigiwe kura na wakazi wa mitaa wanayoilinda, na wasio na makazi waruhusiwe kuishi katika majengo matupu ambayo wenye nayo hawajalipa kodi. Alipata zaidi ya kura 6,000, chini ya asilimia 4. Wimbo wa kwanza wa bendi hiyo, uliotoka mwaka huohuo, ulimshambulia Jerry Brown, gavana aliyependwa na vijana wapenda mabadiliko. Hapo namheshimu. Kumtukana adui wa wasikilizaji wako ni rahisi. Kumgusa mpendwa wao kunaweza kukugharimu. Mwaka 2000 aliomba kuteuliwa na Chama cha Kijani kugombea urais, akashindwa na Ralph Nader.

Kuhusu uchumi, wazo lake kubwa ni kima cha juu cha mshahara. Serikali huweka kima cha chini, asema, basi iweke na dari. Analieleza katika maonyesho ya kuhutubia aliyoyashika baada ya bendi kuvunjika mwaka 1986. Hapa ndipo anaponichosha. Hotuba ni ndefu, zinarukaruka, na ukumbi umejaa waliokwisha kukubali kabla hajafungua mdomo. Hakuna anayemwuliza nani atashika daftari, wala nani atamkagua mshika daftari.

Msikilizaji wa Tanzania ana sababu ya kuuliza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa na kupangisha nyumba. Muziki nao haukuachiwa soko: NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Walituachia nyimbo nzuri sana. Lakini anayekulipa mshahara ana neno juu ya unachoimba, hata kama si mfanyabiashara. Kumkwepa tajiri hakukufanyi uwe huru papo hapo.

Daftari la Biafra mwenyewe lilifunguliwa mahakamani. Lebo yake, Alternative Tentacles, ndiyo iliyouza santuri za Dead Kennedys. Mwaka 1998 wenzake watatu wa zamani walimshtaki, na mwaka 2000 wananchi walioteuliwa kuamua kesi waliona kwamba wanamuziki hao walipunjwa mirabaha na kufichwa jambo hilo. Akaamriwa kulipa karibu dola 200,000, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikakubaliana na hukumu. Yeye husema chanzo cha ugomvi ni kukataa kwake wimbo wao mmoja utumike katika tangazo la nguo za Levi's. Wenzake wanakanusha.

Mashabiki wengi huchagua upande mmoja. Mimi naona mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli. Wimbo ule unawadhihaki vijana walioshiba wanaojifanya kuijua dhiki. Kuufanya uuze suruali kungekuwa kuunyonga. Kama alikataa kwa sababu hiyo, alifanya vema. Lakini mpiga gita anayedai mirabaha yake hadai tangazo, anadai ujira. Anayetaka kumwekea tajiri dari hana budi kuanza na sakafu ya nyumba yake, ambapo wenzake wanasubiri kulipwa.

Hukumu hiyo haizifuti nyimbo, na ile kaseti yenye upande mtupu bado naiona kuwa kazi yake bora. Kwa bendi changa zinazojivunia kutokuwa na bwana, ningeomba jambo moja dogo: siku ya kwanza ya mazoezi, kabla ya kuchagua jina, andikeni nani atapata nini, na kila mwanabendi awe na nakala.